Farasi Mfupi, Mbuzi Mfupi

Mwaka jana nilipata kazi ya kuandika maneno 1,500 kuhusu farasi wadogo. Sisemi watoto wa farasi. Nasema farasi waliokomaa, waliozalishwa makusudi kizazi baada ya kizazi mpaka wakabaki wafupi, mgongo wao unafika kiunoni mwa mtu. Mteja alikuwa Marekani, alilipa kwa neno, na hakuuliza kama mwandishi amewahi kumwona mnyama huyo kwa macho. Sijawahi. Farasi ninaowajua ni wale wa Nanyuki ambao watalii hupandishwa kwa saa moja, wapigwe picha mlima ukiwa nyuma.

Kazi yenyewe niliifanyia kwa shosho, Mukurwe-ini. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, na tangu hapo nakula kwa maneno ninayowaandikia watu wengine, kwa hivyo popote penye stima na bando ni ofisi. Niliketi kwenye kiti cha plastiki nje ya jikoni, laptopu kwa magoti, na nyuma yangu Kairitu akitafuna nepia. Kairitu ni mbuzi wa maziwa. Jina lake kwa Kikuyu ni msichana, na ingawa amezaa mara mbili shosho hajaona haja ya kulibadilisha.

Wiki hiyohiyo akina mama wa kikundi cha mbuzi walikuja na mkaguzi kuangalia ni mbuzi gani wanaweza kuingizwa kwenye rejista. Mkaguzi alimzunguka Kairitu, akatazama masikio, miguu, kiwele, akamfungua mdomo akahesabu meno. Akaridhika. Halafu akauliza, "Baba yake ni nani?"

Shosho akaniangalia. Kila mtu akaniangalia. Maana daftari la mbuzi nilikuwa nimepewa mimi, kwa kuwa ndiye nilikuwa nimesoma. Siku mama yake Kairitu alipopelekwa kwa beberu nilikuwa nyumbani likizo, nikaambiwa niandike tarehe na nambari iliyo kwenye sikio la beberu. Nilisema nitaandika jioni. Jioni hiyo haijafika mpaka leo.

"Basi huyu ataanzia chini," mkaguzi alisema, bila ubaya wowote. "Faundesheni."

Kairitu hutoa lita mbili na nusu kwa siku. Mbuzi wa jirani, ambaye yuko ngazi mbili juu yake kwa karatasi, hutoa moja na nusu akiwa na siku nzuri. Siku chache baadaye mwanamume alikuja kutoka Nanyuki akitafuta majike wa kuanzisha ufugaji. Alimpenda Kairitu, akamshika kiwele, akauliza karatasi. Kisha akavuka kwenda kwa jirani. Shosho hakusema neno. Alienda kukata nepia.

Nikarudi kwa laptopu na farasi wangu wa Marekani, na nikaona kwamba swali nililolipwa kuliandika na swali lililotuponyoka pale zizini ni moja. Karatasi humwambia mnyama awe nini ambacho jana hakuwa? Na kama haimfanyi kuwa chochote, kwa nini inaweza kumnyima mwenyewe karo ya mtoto?

Kwa msomaji asiyetoka huku, nieleze kwanza mambo ya mbuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa Kenya na Ujerumani uliokuwa Nyeri ulileta mabeberu wa aina ya German Alpine ili wapandane na mbuzi wa kienyeji. (Ndiyo, najua neno beberu lilivyotumika kwenye vitabu vya shule kumtaja mkoloni. Utani huo wazee wa kikundi walishaumaliza zamani.) Mwaka 1994 wafugaji wakaunda Dairy Goat Association of Kenya, makao yake hapa Nyeri. Upande wa Meru walianza na aina nyingine, Toggenburg, katika miaka hiyohiyo. Mpango ni rahisi kueleza na mgumu kuufanya. Kikundi hutunza beberu mmoja kwa mwanachama mmoja, wenzake huleta majike, na baada ya muda beberu huhamishiwa kikundi kingine ili asije akapanda binti zake.

Hesabu ni ya shule ya msingi. Mtoto wa kwanza ana nusu ya damu ya Alpine. Akipandwa na Alpine tena, mtoto wake ana asilimia 75. Kisha 87.5. Kisha 93.75. Ng'ombe na mbuzi wa Kenya huandikwa katika Kenya Stud Book, kitabu kilichoanza mwaka 1920 enzi za walowezi, na humo kuna ngazi ambazo kila mfugaji wa Nyeri anazijua kwa matamshi yake mwenyewe: faundesheni, intamidieti, apendiksi, pedigri. Mnyama ambaye wazazi wake hawajulikani anaweza kukaguliwa kwa sura na kuingia mlango wa chini. Wajukuu wake ndio watakaofika sebuleni.

Sasa farasi. Shirika la American Miniature Horse Association, lililoanza mwaka 1978, lina mstari mmoja mkali: farasi aliyekomaa asizidi inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo. Akizidi, hata kama baba na mama wote wamo kitabuni, yeye hana nafasi humo. Hapo nilisimama kuandika nikafikiria. Mbuzi wa Nyeri huulizwa baba yako ni nani. Farasi huyu huulizwa hilo, halafu anapimwa, na jibu zuri la swali la kwanza haliwezi kumwokoa na la pili. Anaweza kuzaliwa ndani ya aina yake na kukua mpaka akatoka nje yake.

Haiishii hapo. Marekani hiyohiyo kuna rejista nyingine, American Miniature Horse Registry, yenye madaraja mawili: la kwanza mpaka inchi 34, la pili kuanzia hapo mpaka inchi 38. Kwa hivyo farasi wa sentimita 90 ni farasi mdogo halali kwenye ofisi moja na si chochote kwenye nyingine, siku hiyohiyo, akiwa na mwili uleule. Na hata pa kuwekea kipimo ni uamuzi wa watu. Farasi wa kawaida hupimwa juu kabisa ya mabega. Hawa wadogo hupimwa pale singa ya mwisho ya shingo inapoishia. Si mahali pamoja, na farasi yuleyule anaweza kupata nambari mbili. Mashindano ya kimataifa nayo yana mstari wao: sentimita 148 bila viatu vya chuma. Mpaka hapo ni poni, ukizidi ni farasi.

Ukisoma mambo haya usiku, rahisi kucheka na kusema kwamba aina za wanyama ni hadithi tu, watu wamekubaliana basi. Mimi nilikaribia kusema hivyo. Lakini kuna kisa cha hapahapa mlimani kinachonizuia. Mlowezi mmoja wa Nanyuki, Raymond Hook, alizalisha wanyama kwa kumpandisha punda milia na farasi jike, na wanyama hao wenye mistari walibeba mizigo kupanda Mlima Kenya. Walikuwa na sura yao, nguvu yao, kazi yao. Hawakuwa aina, na hakuna kamati ambayo ingewafanya kuwa aina, kwa sababu wanyama wa mchanganyo huo kwa kawaida hawazai. Aina inataka mtoto amfanane mama, na mjukuu amfanane mtoto. Hicho hakipigiwi kura. Kwa hivyo ukweli uko pande mbili. Mwili hutoa mfanano unaorudi kizazi hadi kizazi, na watu huchagua ni wapi mfanano huo ukatwe upewe jina. Kisu ni chetu. Nyama si yetu.

Na kisu lazima kikate mahali. Binamu yangu alienda kusimama kwenye uwanja mmoja siku ya kuandikisha makurutu, akapimwa, akakosa kimo kwa sentimita moja. Alirudi nyumbani akisema sentimita moja haiwezi kumfanya mtu asiweze kazi. Ni kweli, haiwezi. Lakini ukimruhusu yeye, anayemfuata amepungukiwa sentimita moja kuliko yeye, na baada ya watu kumi mstari haupo tena. Wagiriki wa kale walilijua fumbo hili kwa chungu cha mchanga: ondoa punje moja, bado ni chungu, ondoa nyingine, bado, ni punje ipi iliyokiua? Hakuna. Na bado kuna chungu na kuna kisicho chungu. Kwa hivyo siwezi kuilaumu tepu kwa kuwa na mwisho. Tepu isiyo na mwisho ni kamba.

Ninachoweza kuuliza ni mstari huu unamfanyia nani kazi gani. Poni wa Shetland walipata soko kubwa Uingereza baada ya sheria ya mwaka 1842 kuwazuia wanawake na watoto wadogo kufanya kazi ndani ya migodi. Mapango yalikuwa ya chini, na mnyama mfupi mwenye nguvu ndiye angevuta makaa humo. Maisha yake yalikuwa ya taabu, sitaki kuyapamba, lakini angalau kimo chake kilikuwa jibu la swali fulani: dari iko wapi? Leo kikomo chao ni inchi 42, kama sentimita 107, na dari ile haipo tena. Kipimo kimebaki, sababu imeondoka.

Kipimo kilichopoteza sababu yake huanza kujitafutia nyingine. Kwa farasi wadogo, sababu ikawa ufupi wenyewe. Mfupi akiwa bei nzuri, mfupi zaidi ni bei nzuri zaidi. Miongoni mwa farasi hao kuna kasoro za kijeni za udumavu. Wazazi wawili wanaoonekana wazima wanaweza kuibeba bila dalili, kisha mtoto akazaliwa miguu imepinda, taya hazikutani, kupumua ni kazi. Farasi aliyetangazwa na Guinness mwaka 2006 kuwa mfupi kuliko wote duniani, Thumbelina wa Missouri, alikuwa na sentimita 44.5 na alikuwa na udumavu. Watu walimpenda, alitembezwa kuonwa na watoto. Na vitabu vya aina yake havitaki udumavu. Hapo ndipo kipimo kilipojikwaa: kiliwaambia watu "msizidi hapa", nao wakasikia "shukeni kadiri mnavyoweza".

Nisijifanye kwamba jambo hili liko Marekani tu. Hapa Nyeri ngazi zetu zinaelekea juu, kwenye asilimia, na ugonjwa wake ni uleule. Damu ya Alpine ikizidi, maziwa huzidi, lakini mbuzi hutaka chakula zaidi, madini, zizi kavu lililoinuliwa, dawa ya minyoo kwa wakati. Mama mwenye robo ekari na mbuzi wa asilimia 75 anaweza kuwa salama kuliko akiwa na pedigri inayokohoa kila mvua ya Aprili. Lakini hakuna anayepiga picha na cheti cha intamidieti. Ukienda maonyesho ya kilimo pale Kabiruini, hakuna utepe wa mbuzi aliyetosha.

Kisha kuna jina, na hili ndilo lililonikalia moyoni zaidi. Mbuzi wetu wa kienyeji, yule aliyekuwepo kabla ya beberu yeyote kushuka kwenye ndege, vitabuni anaitwa Small East African. Mdogo wa Afrika Mashariki. Ng'ombe wetu wa nundu naye kaandikwa vivyo hivyo, zebu mdogo. Ni mnyama anayekula kichaka, anayetembea, anayezaa penye ukame ambapo Alpine angelala chini na kuomba daktari. Alichoonekana nacho, cha kustahili kuwa jina, ni kwamba hakufika mahali fulani pa tepu. Sasa weka mbuzi huyu kando ya farasi wa sentimita 86. Wote wafupi. Mmoja ufupi wake ni cheo, unanunuliwa kwa dola na kulindwa na kamati. Mwingine ufupi wake ni kasoro inayosubiri kuondolewa kwa vizazi vinne. Ukiwatazama wao hutaiona tofauti hiyo. Iko kwa aliyeshika tepu, na kwa alichokuwa akitafuta alipoinama kupima.

Kiswahili chenyewe kinajua hatari ya kumwita kiumbe kwa kimo. Tuna neno mbilikimo, lenye kimo ndani yake, na limetumika kwa watu. Wanaanthropolojia wa zamani waliweka mstari karibu na sentimita 150 kwa wanaume, na jamii za misituni zilizokuwa chini yake zikapewa jina moja, ingawa lugha zao na historia zao ni mbalimbali. Batwa wa Uganda walipotolewa kwenye misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, walipoteza ardhi, dawa, makaburi. Sisemi kwamba tepu ndiyo iliyowatoa. Nasema kwamba mtu ambaye umezoea kumtambua kwa kile alichopungukiwa, ni rahisi kusahau kumuuliza ana nini.

Kufikia hapa nilikuwa tayari kuichoma rejista. Nilimwambia shosho jioni, tukiwa jikoni, kwamba karatasi ni upuzi, kwamba Kairitu anashinda mbuzi wa jirani kwa kila kitu ambacho mbuzi anapaswa kuwa nacho. Shosho huniita mzee wangu, maana nimebeba jina la mumewe, na hunijibu kama mke aliyemchoka mume.

"Mzee wangu," alisema, "yule mtu wa Nanyuki angejuaje?"

"Si alimshika kiwele? Si ungemkamulia aone?"

"Angeona ya leo. Yeye alikuwa ananunua ya kesho."

Kwa kweli sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Yule mwanamume hakuwa akinunua lita mbili na nusu. Alikuwa akinunua wajukuu wa Kairitu, ambao hawapo, kutoka kwa familia asiyoijua. Kitu pekee kinachoweza kumshuhudia mbuzi ambaye hajazaliwa ni maandishi kuhusu waliozaliwa. Bila hayo, angetegemea neno letu, na kila mtu aliyewahi kununua ng'ombe sokoni anajua neno la muuzaji lina uzito gani. Kabla ya karatasi, aliyepata bei nzuri ni aliyejulikana: mwenye shamba kubwa, mwenye jina. Mjane wa Mukurwe-ini mwenye mbuzi watatu, neno lake halifiki Nanyuki. Karatasi yake inafika. Kwa watu kama shosho, rejista ilikuwa njia ya kuaminiwa na mtu asiyewajua.

Kwa hivyo nimeacha kusema kwamba kipimo ni uongo. Nadhani kipimo ni ahadi. Kinamwambia mnunuzi: ukichukua huyu, tarajia hiki. Kama ahadi, kinaweza kuwa cha kweli au cha uongo, cha maana au cha kijinga, na kinaweza kubadilishwa watu wakiona kinaumiza, kama ambavyo wafugaji wa farasi wanaweza kuandika kwamba mtoto mzima ni bora kuliko mtoto mfupi. Kinachokiharibu ni pale tunapokigeuza hukumu, tukaanza kudhani kwamba aliye nje ya ahadi yuko nje ya thamani. Mkaguzi wetu hakufanya kosa hilo. Alisema ataanzia chini. Hakusema yuko chini. Ni mimi niliyesikia hivyo, labda kwa kuwa nami ni mtu asiye na karatasi, na masikio yangu yamezoea.

Na hapa lazima nirudi kwa daftari. Nimetumia maneno mengi kuchunguza haki ya wanaoshika tepu, na hakuna hata mmoja wao aliyemkosea Kairitu. Aliyemkosea ni mimi. Kipimo chochote, kiwe cha haki namna gani, kinasimama juu ya mtu fulani aliyekubali kuandika jambo dogo siku lilipotokea. Nilidharau kazi hiyo kwa sababu ilikuwa ya mbuzi na ya daftari la kurasa 96, wakati huohuo nikijiona mtu wa maandishi. Niliwaandikia wageni maneno 1,500 kuhusu umuhimu wa kumbukumbu sahihi za uzalishaji, nikalipwa. Shosho aliniomba mstari mmoja.

Kosa hilo lina hesabu yake. Kairitu atabaki faundesheni maisha yake yote. Binti yake, akiwa na baba aliyeandikwa, atapanda ngazi moja. Mjukuu wake atafika pale ambapo Kairitu angeweza kuwa ameanzia. Kwa mbuzi hiyo ni kama miaka mitatu au minne, na shosho ana 78.

Mwezi wa nane Kairitu alipandwa tena. Nilimvuta kwa kamba mwenyewe mpaka kwa mwanachama anayemtunza beberu, kilomita mbili hivi, akigoma kila alipoona ua la mtu. Nilisubiri, nikainama, nikamsogeza beberu sikio nikasoma nambari. Akanipiga pembe kwenye goti. Niliandika nambari hapohapo, nimesimama, daftari juu ya mgongo wake, kisha tarehe, kisha jina la mwenye beberu. Shosho alipoliona alivaa miwani, akasoma mstari wote kwa kidole, akaniuliza kama ile nambari ya nne ni moja au saba.

Ilikuwa saba. Nikaiandika upya, vizuri.